Orofa za Chini

Ijumaa, nyuma ya duka la matairi la Trezise,
mjini Butte, Montana. Theluji imefika kitasani.
Sisi watano na hita moja inayokohoa.
Kitambaa cha meza ni blanketi la jeshi,
lina tundu la sigara pale anapokaa Wendell,
naye huliziba kwa kibao chekundu akishinda,
kwa kidole akishindwa.
Miaka sita nalijua hilo. Hajui kuwa najua.

Wendell alichimba shaba hadi mgodi ulipofungwa,
na poka alinifundisha kwa lugha ya shimoni:
"Juu kabisa, kwenye mwanga,
yupo mtu anayetazama karata zake. Basi.
Shuka orofa moja: unajiuliza mwenzako ana nini.
Ya pili: yeye anadhani wewe una nini.
Ya tatu: anadhani wewe unadhani yeye ana nini.
Hapo joto linaanza, shati unavua.
Ya nne sijaona mtu akirudi na akili zake zote."
Kisha, huku akichanganya karata:
"Mzidi mwenzio orofa moja tu.
Ukimzidi mbili, uko peke yako humo,
na taa ni yako."

Nilisikia. Kusikia si kushika.

Usiku ule nilibaki na Milka Vukovich,
mjane, mpishi mstaafu wa shule,
kofia ya sufi hadi masikioni,
anayepanga vibao vyake kwa rangi
kama vifungo vya kushonea.
Mkononi nilikuwa na sita na saba za uru,
nikingoja nane ambayo haikuja.
Mezani: kumi ya shupaza, tisa ya shupaza,
mbili ya kopa, nne ya pao,
na ya mwisho, nyeusi, imetulia: ree ya shupaza.

Nikaanza kushuka.
Milka anajua mkono wangu ni wa birika,
haumimini bila sababu. Atadhani nina shupaza mbili.
Ila anajua kwamba najua anaziogopa,
basi atashuku.
Ila anajua kwamba najua atashuku,
basi ataona nisingethubutu,
na kwa kuwa nisingethubutu, nimethubutu kwa haki —
nikasukuma vyote, dola mia mbili na kumi,
kwa mkono mtulivu,
si mtulivu sana, asije akadhani naigiza utulivu.

Milka akatazama karata zake.
Mezani hakutazama. Usoni kwangu hakutazama.
"Haya," akasema, kama mtu aliyeitwa kula.
Wafalme wawili, wa kopa na wa uru,
wakalala mbele yangu na ndevu zao.

Nilikuwa nimempigia mbuzi gitaa,
tena wimbo mgumu, tena kwa nyuzi zote,
na mbuzi akala gitaa.
Wendell hakusema kitu. Akaliziba tundu kwa kidole,
ingawa hasara haikuwa yake.

Betri ya gari la Milka ilikufa kwa baridi,
nikampeleka nyumbani,
fedha zangu katikati yetu, ndani ya mkoba wake.
Kwenye mteremko nikashindwa kuvumilia:
"Hukuogopa shupaza?"
"Shupaza zipi?"
Akafuta ukungu wa kioo kwa kiganja.
"Wale wafalme nawapenda tu. Marehemu Dušan
alikuwa na ndevu kama za yule wa uru."

Taa nyekundu, njia panda tupu.
Nikacheka. Nikamwamini.
Kisha, kwa pembe ya jicho, nikaona kidole chake
kikihesabu kitu juu ya goti,
na nikawaza: asiyeziona shupaza angesema "zipi",
na aliyeziona naye angesema "zipi",
hasa kwa mtu atakayerudi Ijumaa ijayo,
mtu ambaye —

"Kijani," akasema Milka. "Nenda."
Mimi nilikuwa orofa ya tatu, navua shati.